Penseli Chini ya Wino

Kwa miaka arobaini na minne Dada alikuwa na neno moja tu kuhusu shule: alifaulu. Alilisema akiwa msichana, akalisema akiwa fundi cherehani anayeshona sare za watoto wa wenzake, akalisema kwenye kila mkusanyiko wa familia ambapo mtu alijisahau akataja mitihani. Hakuna aliyemwamini. Matokeo yalibandikwa ukutani, jina lake halikuwamo, na marehemu baba yao alisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mtoto ameanguka. Watoto wa kaka yao wakamwita Shangazi Nilifaulu. Aliyelitunga jina hilo ni mdogo wake wa kumfuata, mpiga picha, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Flashi na ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

Halafu Jumapili moja mpwa wao alimleta mchumba wake nyumbani, na walipokuwa mezani akataka kumchekesha.

"Shangazi, hebu mpe mgeni ile hadithi yako ya kufaulu."

Watu waliweka vijiko chini, tayari kucheka. Dada alifuta mdomo kwa leso, bila haraka.

"Sikufaulu," alisema. "Nilifeli. Basi. Mmeridhika?"

Akaendelea kula. Hakuna aliyecheka. Bi Flashi, aliyekaa mkabala naye, alirudisha tonge sahanini. Dada yake alikuwa mbishi wa kupindukia, mtu wa kubishana na muuza vitambaa juu ya nusu sentimita mpaka duka lifungwe. Mtu wa aina hiyo haachii hivi hivi. Ameachia kwa sababu amechoka, na waliomchosha ni wao, na wa kwanza kati yao ni yeye. Alirudi nyumbani akiona aibu, aibu hasa, ile ya kumfanya mtu asitake kujiangalia kwenye kioo.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Dada kabla ya kufungua studio. Cherehani ilikuwa imesogezwa mpaka mlangoni ili ipate mwanga, maana macho ya Dada yalikuwa yameanza kumsaliti.

"Dada, nisimulie tena siku ile."

"Siku ipi?"

"Unaijua."

"Nimeshakiri kwamba nilifeli. Mnataka na barua?"

"Nataka kujua uliona nini. Leo sicheki."

Dada alimwangalia juu ya miwani kwa muda, kama anayekagua pindo lililoshonwa na mtu mwingine. Kisha akatoa mguu kwenye pedali.

"Mwalimu mkuu alinituma nikafagie ofisi yake," alisema. "Rejista ilikuwa wazi mezani. Orodha ya waliochaguliwa kwenda shule ya bweni, imeandikwa kwa penseli. Mimi wa tatu. Nilisoma mara mbili, nikafagia, nikatoka mbio. Kesho yake karatasi ikabandikwa ukutani, mimi simo. Nikarudi ofisini, nikajifanya nimesahau ufagio, nikachungulia. Majina yote yamepitishiwa wino juu ya penseli, na mstari wa tatu umezibwa. Wino wa buluu, mzito, toka mwanzo hadi mwisho."

"Penseli chini, wino juu. Una hakika?"

"Nimechora vitambaa maisha yangu yote, leo unaniuliza kama naijua penseli?"

Bi Flashi akasimama. Wote wawili walifanya mtihani mwaka ule, darasa moja. Dada alikuwa amechelewa kuanza shule miaka mitatu kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto mdogo wa kuangaliwa, na mtoto mwenyewe ndiye Bi Flashi. Jina la mdogo lilikuwamo kwenye karatasi ya ukutani. Alikwenda bweni, kisha chuo cha picha, na sasa alikuwa na studio yenye jina lake mlangoni. Hajawahi hata siku moja kujiuliza mstari wa tatu ulikuwa wa nani.

"Unakwenda wapi?" Dada aliuliza.

"Kwenye friji."

Ndani ya friji ya studio, nyuma ya barafu, kulikuwa na kifurushi kilichofungwa mifuko miwili. Wapwa zake waliamini ni dawa ya presha. Ilikuwa ni filamu ya infraredi, filamu moja tu, ya picha thelathini na sita. Alipewa na mwalimu wake wa chuo siku mzee yule alipofunga duka, pamoja na filta yake, kioo cheusi kiasi kwamba ukikishika mbele ya jicho huoni kitu. Zamani mwalimu huyo alikuwa akipiga picha za hati za kughushi kwa ajili ya mahakama. Alikuwa akiwaambia kwamba uko mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, na kwamba mbele ya mwanga huo wino mwingi wa kalamu hutoweka kama haukuwahi kumwagwa, lakini penseli hubaki nyeusi vilevile. Wanafunzi walimsikiliza huku wakisinzia. Bi Flashi alisinzia pia, ila kwa bahati alisinzia baada ya sehemu hiyo. Kamera yake ya kisasa haikufaa kitu kwa kazi hii, kwa kuwa ndani yake imewekwa kioo cha kuuzuia mwanga huo usiingie.

Swali gumu lilikuwa spidi, yaani wepesi wa filamu kushika mwanga. Filamu ya kawaida haina maneno mengi: boksi linakwambia spidi, unaiweka kwenye mita ya kupimia mwanga, unapiga. Hii ni jeuri. Boksi lilisema mia nne, lakini mia nne ya bila filta, na bila filta haina maana yoyote. Kile kioo cheusi hula mwanga hatua sita, na kila hatua inakata spidi nusu. Bi Flashi alikaa kwenye kiti cha wateja akahesabu kwa vidole.

"Mia mbili. Mia. Hamsini. Ishirini na tano. Kumi na mbili. Sita."

Filamu yenyewe ilikuwa imepitwa na tarehe yake kwa miaka kumi, na filamu nayo ikizeeka huchelewa kushtuka. Akakunja kidole cha saba. Tatu. Spidi tatu, kwenye dunia ambayo simu ya mtoto inapiga picha kwa spidi elfu tatu na mwenyewe hana habari. Aliingiza filamu kwenye kamera yake ya zamani akiwa ametia mikono ndani ya mfuko mweusi, kwa sababu filamu hii hupitisha mwanga hata kwa ulimi wake, ile ncha inayochungulia nje ya kopo, kisha akatoka nje akapiga picha moja ya ua wa majani ulio mbele ya studio, juani. Tundu la lenzi namba nane, sehemu ya kumi na tano ya sekunde. Hiyo ilikuwa ya kujaribia. Zilizobaki zote zilikuwa za Dada.

Shule ile ilishafungwa. Rejista zake zilikuwa ofisi ya elimu, kwenye chumba cha kumbukumbu, mikononi mwa mtu mmoja mkavu aliyeitwa Bwana Kabrasha, mwenye kalamu nne mfukoni na wasiwasi na kila mtu mwenye mikono. Bi Flashi alimfuata Jumanne nzima, ofisi hadi ofisi, hadi kibali kikapatikana: ruhusa ya kuingia mara mbili, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa makasha yote yangepigwa misumari na kusafirishwa kwenda ghala la mbali, ambako hakuna aliyejua lini yangefunguliwa.

"Rejista haitoki humu," alisema Bwana Kabrasha siku ya Jumatano.

"Haitoki."

"Haiendi juani. Jua linaua karatasi."

"Haiendi."

"Na haipigwi flashi."

"Sina flashi."

"Si ndiye wewe unayeitwa Bi Flashi?"

"Ni jina tu, bwana. Na wewe nimeambiwa ni Kabrasha, lakini nakuona ni mtu."

Bwana Kabrasha hakucheka, ila alimwonyesha meza. Chumba hakikuwa na dirisha. Darini kulikuwa na taa nne ndefu za tyubu, nyeupe, zinazolialia. Aliifungua rejista, akageuza kurasa kwa ncha ya rula, na ukurasa ukatokea. Ulikuwa kama Dada alivyosema. Jina la kwanza, la pili, kisha mkanda wa wino wa buluu upana wa kidole, kisha la nne. La saba lilikuwa la Bi Flashi mwenyewe, limeandikwa vizuri kwa mkono wa mwalimu mkuu. Mkanda ule aliujua kwa kuusikia miaka arobaini na minne, na kumbe ulikuwapo.

Akajikaza, akashika kazi. Alifunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, lenzi ikitazama ukurasa. Alilenga kwanza kwa lenzi tupu, maana filta ikishawekwa unabaki kipofu, kisha akasogeza pete ya lenzi kidogo hadi kwenye kile kistari chekundu ambacho wapiga picha wengi huzeeka nacho bila kujua ni cha nini; mwanga wa infraredi hautui pale unapotua mwanga wa kawaida. Ndipo akafunga filta. Mita, akiipa spidi tatu, ilimwambia sekunde kumi na moja. Alijua kwamba filamu ikiachwa wazi kwa mwanga muda mrefu hulegea, kwa hiyo akaongeza. Alipiga sekunde kumi, ishirini, arobaini, themanini, akarudia zote, akamalizia na mbili za dakika mbili na nusu. Bwana Kabrasha, aliyeambiwa asitikise meza, alijitahidi hata kupumua akawa anapumua kwa mafungu.

"Tayari?" aliuliza mwishoni, uso umemwiva.

"Tayari. Pumua, bwana, rejista haijafa."

Studioni, Bi Flashi alitoa maboksi na feni mbovu kwenye chumba cha giza, akaikata ile sehemu ya filamu iliyopigwa, akaitia dawa. Alikuwa na uhakika, akawa anaimba. Alipoiinua kwenye mwanga, wimbo ukakatika. Picha ya kwanza, ya ua wa majani, ilikuwa imetoka safi. Baada ya hiyo hakukuwa na kitu. Si picha hafifu, si kivuli cha picha. Plastiki tupu, kipande baada ya kipande, mpaka zile za dakika mbili na nusu.

Alilia. Alikaa juu ya ndoo akalia kwa hasira, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye aproni, akajiambia kwamba ndivyo ilivyo, Dada ataingia kaburini na jina la kejeli, na mwenye kosa ni yeye aliyelitunga. Kisha akapenga kamasi akaanza kufikiri, kwa kuwa kulia alikuwa amemaliza.

Filamu haijafa, alijiambia, ua umetoka. Dawa haijaharibika, ua umetoka. Filta ileile, spidi ileile, mkono uleule. Kilichobadilika ni nini? Aliinua macho kuangalia taa ya tyubu ya studio, iliyokuwa ikiwaka tangu asubuhi. Akapanda kwenye stuli akaigusa. Haikuwa na moto.

Alishuka akajipiga kofi la paji la uso. Mita inasoma mwanga wa macho. Filamu ilikuwa inangojea ule mwingine, na ule mwingine unakuja na vitu vya moto: jua, makaa, balbu ya kizamani yenye waya unaowaka ndani. Taa za tyubu hazina. Alikuwa amepiga picha gizani, mchana kweupe, chini ya taa nne. Mwalimu wake angemvuta sikio mbele ya darasa zima, na angekuwa na haki.

Alizunguka maduka matatu ya vifaa vya umeme.

"Nataka balbu inayounguza mkono," alisema.

"Mama, siku hizi tunauza zisizounguza," akajibiwa. "Hizi zinabana umeme."

"Mimi sitaki ya kubana. Nataka ya kumwaga."

Hawakuwa nayo. Alikuwa akirudi, miguu ikimuuma, alipopita mbele ya banda la jirani yake, Mama Vifaranga, muuza vifaranga. Ndani ya boksi kubwa la mbao vifaranga mia hivi vilikuwa vimelala kwa raha, na juu yao ilining'inia balbu nene ya kuwapa joto. Bi Flashi aliikaribia akaweka kiganja chini yake. Ilikuwa ya moto hasa.

"Jirani, niazime hii kesho."

"Na wanangu wafe kwa baridi?"

"Saa sita hadi saa nane tu. Wakati huo jua ni kali, watoe nje waote."

Mama Vifaranga alimkodolea macho. "Wewe mpiga picha, balbu ya kuku ya kazi gani?"

"Ya kumsomea dada yangu kitu."

"Mh." Alifikiri. "Basi unipige picha na yule tetea wangu mkubwa, uitie fremu."

"Nitawapiga mpaka kuku aombe kupumzika."

Alhamisi saa sita na nusu aliingia chumba cha kumbukumbu na kamera begani na balbu mkononi, imefungwa kwenye kikapu chake cha waya, ina manyoya mawili ya kuku. Bwana Kabrasha aliinuka kitini.

"Hiyo ni nini?"

"Taa ya kuku."

"Unataka kuatamia rejista?"

"Nataka kuisoma. Jana sikupata hata herufi, na kosa lilikuwa langu, si lako."

"Utaichoma! Hii ni mali ya ofisi, ina umri mkubwa kuliko mshahara wangu!"

Bi Flashi alivuta pumzi. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho, na hakuwa tayari kutoka mule na mikono mitupu. Akamwambia ukweli wote, kwa maneno machache: mstari wa tatu, dada yake, miaka arobaini na minne, na yeye aliyecheka. "Taa itakaa mita moja," alimaliza. "Itawaka tunapopiga tu, halafu inazimwa. Na mkono wangu utakuwa mezani, kando ya ukurasa, muda wote. Mkono ukiungua, wewe chomoa waya, mimi nitaondoka bila neno."

Bwana Kabrasha aliangalia rejista, akaangalia mkono. Kisha, shingo upande, akaenda kusimama karibu na swichi ya ukutani.

Safari hii Bi Flashi aliiacha mita ndani ya mkoba. Ilikuwa imemdanganya mara moja, ikatosha. Balbu hii humwaga mwanga usioonekana kuliko unaoonekana, na hakuna kifaa chake chochote ambacho kingemwambia ni mara ngapi, kwa hiyo angeuzingira kama mtu anayemzingira kuku uani. Alizima zile tyubu zote. Alianza na nusu sekunde, akapanda moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, kila moja mara tatu. Kati ya picha na picha Bwana Kabrasha alizima taa, akaugusa ukurasa kwa nyuma ya kidole, akaiwasha tena. Kufikia mwisho alikuwa akihesabu sekunde kwa sauti bila kuombwa. Mkono wa Bi Flashi ulitoka jasho, haukuungua.

"Ukipata," alisema Bwana Kabrasha akimfungulia mlango, "usiniache gizani."

Ijumaa asubuhi, wakati makasha yakipakiwa kwenye lori upande mwingine wa mji, Bi Flashi aliinua filamu kutoka kwenye dawa na hakuthubutu kuangalia mara moja. Alipoangalia, zilikuwamo. Za nusu sekunde zilikuwa hafifu, za kumi na sita zimeungua, lakini za sekunde mbili zilikuwa safi kabisa. Aliingiza moja kwenye mashine ya kukuzia, akamulika karatasi ya picha, akaizamisha kwenye sinia ya dawa chini ya taa nyekundu.

Ukurasa ulianza kujitokeza taratibu. Wino wote ulikuwa umetoweka. Mkanda wa buluu haukuwapo, wala majina yaliyopitishiwa wino. Kilichobaki ni ile orodha ya kwanza ya mwalimu mkuu, kwa penseli, kama alivyoiandika kabla mtu hajaigusa. Wa kwanza. Wa pili. Na wa tatu, majina yote matatu, ni Dada. Mbele yake alama: sabini na nane.

"Dada!" Bi Flashi alipiga kelele peke yake kwenye chumba cha giza. "Dada, ulifaulu!"

Kisha akaona kwamba chini ya jina, pale ambapo mkanda wa wino ulikuwa umeshuka kuliko ilivyohitajika, kulikuwa na maandishi madogo. Aliinama mpaka pua ikakaribia dawa.

Baba wa watoto amefika leo. Kila nyumba nafasi moja. Amesema aende mdogo. Mkubwa aondolewe.

Kwenye mstari wa saba lilikuwa jina lake, na alama zake: sitini na moja.

Alikaa juu ya ile ndoo. Baba yao. Yule yule aliyesema mtoto ameanguka, aliyemnunulia mmoja sanduku la bati la bweni na mwingine mkasi wa fundi. Na yeye, aliyekwenda na lile sanduku, akarudi likizo na maneno makubwa, akamtungia jina dada yake. Alihisi hasira kwa baba na chuki juu yake mwenyewe, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na mahali pa kwenda.

Halafu likamjia wazo, na lilimjia kwa upole, kama jirani mwema. Dada alitaka jina lake. Jina lipo, alama zipo. Hayo ya chini yanamsaidia nini? Kipande cha kadibodi upana wa vidole viwili, kikiwekwa juu ya karatasi wakati wa kuimulika, kingeyaacha maandishi yale kuwa mahali peupe. Hakuna ambaye angejua. Marehemu angelala salama, na mdogo mtu naye. Alikata kadibodi. Aliiweka juu ya karatasi mpya, akapima, akaisogeza kidogo ili ikae sawa.

Akasimama hapo, mkono juu ya swichi. Wiki nzima alikuwa amehangaika kuondoa kitu kilichowekwa juu ya maandishi haya, na sasa mkono wake ulikuwa ukiweka kingine mahali palepale. Aliitoa kadibodi akaichana vipande vinne. Aliichapa picha nzima, kubwa kuliko picha yoyote aliyowahi kuchapa studioni, ili macho ya Dada yasipate taabu.

Jumamosi asubuhi Dada aliipokea picha mlangoni, akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akachukua kioo cha kukuzia anachotumia kutunga uzi. Hakuuliza ni nini. Alianzia juu kabisa. Kidole chake kilipofika mstari wa tatu kilisimama.

"Sabini na nane," alisema.

"Sabini na nane, Dada."

"Mimi nilikadiria themanini." Alisogeza kioo karibu. "Lakini sabini na nane si haba."

Bi Flashi alicheka na kulia kwa pamoja. Kidole kikashuka.

"Dada, hayo ya chini..."

"Nyamaza. Nasoma."

Alisoma. Alirudia. Kidole kikaenda hadi mstari wa saba, kikakaa hapo kidogo, kikarudi. Nje mtu alikuwa akivuta mkokoteni wa maji, na walisikia magurudumu yake mpaka yakaisha.

"Asubuhi ile Baba alivaa koti," Dada alisema. "Aliniambia anakwenda kununua misumari." Aliweka kioo chini. "Wewe ulijua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

"Hukujua. Lakini ulicheka."

"Nilicheka. Nikawafundisha na wengine kucheka." Hakujitetea, njiani alikuwa ameapa kutojitetea. "Nisamehe, Dada."

Dada alilainisha pembe ya picha kwa kiganja, jinsi anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata.

"Unajua kilichoniuma ni nini? Bweni nilishalisahau. Kushona napenda, na ninashona vizuri kuliko nyinyi wote mnavyofanya mambo yenu. Jumapili ile niliposema nilifeli mlidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimeamini. Niliona labda ni kweli, labda niliota, labda miaka yote hii mimi ni mwongo tu." Akagonga mstari wa tatu kwa kidole. "Nilikuwa na akili, mdogo wangu. Na nilikuwa nasema kweli."

"Ulikuwa unasema kweli."

"Basi nenda. Leo siwezi kukuona, usije ukalazimisha. Kesho njoo mapema."

"Nije na kitu?"

"Njoo na nyingine kama hizi. Moja kwa kila nyumba ya ukoo, na ya yule kijana na mchumba wake. Na maandishi ya chini yawemo. Nikikuta umekata hata herufi moja, nitakushona midomo."

"Sitakata."

Bi Flashi alitoka akashuka ngazi za kibarazani. Hakuwa amesamehewa, alilijua hilo, na aliona ni sawa asisamehewe siku hiyo. Alikuwa bado hajafika lango aliposikia sauti ya Dada kutoka ndani, ikisoma orodha ile jina kwa jina kama mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Alisoma la kwanza na la pili. Alipofika la tatu aliyasoma majina yote matatu, na alama zake, kwa sauti iliyofika barabarani. Kisha akarudi juu, akaanza upya.